Mama yuko Newala, namba zake za presha zinanifikia kwa picha

SWALI: Shikamoo daktari. Nafanya kazi Mtwara mjini, mama yangu wa miaka 73 anaishi Newala na mjukuu wake wa darasa la sita. Anatumia dawa za presha. Nilimnunulia mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Mjukuu hupiga picha ya kioo na kunitumia WhatsApp. Juzi jioni 168/94, kesho yake asubuhi 131/80. Mama mwenyewe hazioni namba vizuri. Mashine ni mbovu? Ninunue ile inayoonyesha kiwango cha presha kwa rangi?

JIBU: Marahaba. Kabla ya kuilaumu mashine, mwambie mjukuu arudi nyuma hatua mbili, apige picha ya bibi mzima akiwa anapimwa. Kioo kinakuonyesha namba, hakikuonyeshi alivyokaa. Wazee wetu wengi hupimwa wakiwa mkekani, miguu wameinyoosha, mgongo hauna pa kuegemea, mkono umelala pajani. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, namba inaweza kupanda kwa 7 au 8. Ongeza na kwamba ametoka kuteka maji, au anaongea na jirani huku mashine inapima.

Mtafutie kiti chenye mgongo na meza. Miguu yote miwili ikanyage chini, mkono uwe juu ya khanga iliyokunjwa hadi mkanda ulingane na moyo. Atulie kimya dakika 5, kisha apime mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni. Fanyeni hivyo siku 7 na mjukuu aandike zote daftarini. Za siku ya kwanza ziacheni. Wastani wa zilizobaki ukifika 135/85 au zaidi, arudi kliniki na daftari lake. Dawa msibadilishe wenyewe.

Mashine ya kifundo ningeibadilisha, nichukue ya kufunga juu ya kiwiko yenye tarakimu kubwa. Mkanda umtoshe: ukimbana, utatoa namba ya juu isiyo ya kweli. Siku ya kliniki aende nayo, ilinganishwe na ya pale. Zile zinazotamka namba kwa sauti, nilizokutana nazo zinasema Kiingereza, hazitamfaa.

Rangi ya kijani, njano na nyekundu inasaidia, ila kwa mwenye mtoto wa jicho rangi hufifia. Na hapo ndipo penye wasiwasi wangu mkubwa. Asiyeona tarakimu za mashine anatofautishaje vidonge viwili vyeupe vinavyolingana? Huenda anahitaji miwani ya kusomea tu, huenda ni mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji. Mpeleke akapimwe macho kabla hujatoa hela ya mashine nyingine. Kwa sasa, mjukuu achore jua kubwa kwenye boksi la dawa ya asubuhi na mwezi kwenye la usiku, kwa kalamu nyeusi nene.

Namba ikifika 180/120, atulie dakika 5 apime tena. Ikibaki hapo, aonwe na mtabibu siku hiyo hiyo. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu ghafla, maneno yasipoeleweka au kifua kikiuma, hata kama namba ni nzuri, mjukuu asihangaike na picha wala bando. Aite mtu mzima wa karibu, bibi apelekwe hospitali, wewe utapigiwa simu wakiwa njiani.