Jagi la kokteli likimwangusha mtu, nani ajibu?

Kamwene wasomaji, wiki hii maswali mengi yamekuja upande mmoja, pombe za kuchanganya, basi nayajibu kwa mkupuo.

Tulikua bethdei baa moja Mwanjelwa, tukaletewa jagi la kokteli tamu kama juisi. Rafiki yetu alipiga glasi tatu akazimika, tukamkimbiza hospitali. Meneja anasema hakuna aliyemshika mdomo. Tuna haki hapo?

Poleni sana dada. Meneja kasema nusu ya ukweli. Kiasi ni cha mnywaji, mtu mzima anajua bia ya ngapi inamwangusha, hilo siwezi kumbebesha mhudumu. Ila ili ujue umekunywa kiasi gani lazima ujue mle ndani kuna nini, na jagi halina lebo. Hebu piga hesabu na mimi, kichupa cha mili 250 cha pombe kali ya asilimia 35 kina kilevi sawa na bia tatu na nusu za mili 500 zenye asilimia 5, sasa wakimimina vichupa viwili halafu juu yake juisi ya embe nyie mnaona mnakunywa juisi kumbe mezani kuna bia saba. Wakiongeza enaji ndo mbaya zaidi, kafeini inakufanya ujione uko macho lakini haipunguzi kilevi kwenye damu hata kidogo, kwa hiyo ule usingizi ambao ungekuambia acha hauji.

Nimekaa kaunta Mafinga miaka miwili, tulikua tunaambiwa tusimtajie mteja vipimo eti siri ya biashara. Mpaka leo inaniuma. Mtu anaweka kitu mwilini mwake we unamficha ni nini? Nendeni muwaulize waliweka kinywaji gani na kiasi gani, tunzeni karatasi za hospitali na risiti, wakishindwa kujibu mtafuteni mwanasheria mapema. Na siku nyingine mtu akizimika msimwache chali, mlazeni ubavu asije akapaliwa na matapishi, wala msimpe kahawa.

Niko Kihesa, Iringa. Naona video za kokteli zinafuka moshi, zina shida?

Inategemea moshi unatoka kwenye nini. Kama ni naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, hiyo ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikigeuka gesi inatanuka karibu mara 700. Ikimezwa kabla haijaisha inaunguza halafu inapasua. Mwaka 2012 kule Lancaster, Uingereza, binti wa miaka 18 alipewa kinywaji cha hivyo siku ya bethdei yake, mfuko wa chakula tumboni ukatoboka, madaktari wakalazimika kuutoa wote. Mwaka 2015 mahakama ikaipiga ile baa faini ya paundi 100,000. Yule binti hakulewa kupita kiasi, alikunywa alichopewa kama alivyopewa, sasa uzembe wake uko wapi? We ukiletewa glasi inafuka, usiinywe mpaka moshi uishe kabisa, na mhudumu asipojua alichoweka rudisha.

Baa ya hapa Makambako wamebandika bango "kunywa kwa hiari yako, uongozi hautahusika". Linawalinda?

Kwa anayekunywa bia kumi akaanguka, labda kidogo. Kwa kilichofichwa ndani ya glasi, hapana. Kuna kesi ya Uskoti ambayo mahakama zetu zimerithi msingi wake, mama mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake mwaka 1928, chupa nyeusi huoni ndani, akadai alikuta konokono ameoza. Mwaka 1932 majaji wakasema mtengenezaji anawajibika hata kwa mnywaji ambaye hakununua yeye. Chupa nyeusi ile na jagi lenu naona ni kitu kimoja. Kuhiari ni kwa unachokijua. Mtu akiwekewa gongo yenye methanoli, ile pombe ya sumu, hawezi kuitambua kwa ladha, saa ingine macho yanaanza kufifia kesho yake, huyo alihiari nini?

Mwanangu ana miaka 17, wamemuuzia pombe hapa Tukuyu.

Mama, hapo hakuna mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe mtoto, na mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Nenda polisi.

Mimi ni mhudumu, Njombe. Mteja kalewa chakari, anataka toti ingine na funguo za gari ziko mkononi, bosi anasema uza tu hela hiyo. Nifanyeje?

Usiuze mdogo wangu. Najua mshahara wenyewe na najua bosi atafoka, nimefokewa sana. Mteja alipofika akiwa mzima alijichagulia mwenyewe, sasa hivi hachagui tena, kwenye hiyo kaunta mwenye akili timamu umebaki we peke yako. Majimbo mengi ya Marekani baa ikimuuzia aliyelewa waziwazi halafu akagonga mtu, inashtakiwa nayo. Mwambie pombe hiyo imeisha, mpe maji, muitie bodaboda, funguo zibaki kaunta atazifuata asubuhi.