Kwa mwalimu mpya wa darasa la kwanza: sauti kwanza, jina la herufi baadaye

Juzi nilipita kwenye dirisha la darasa la kwanza. Mwalimu mpya alikuwa ubaoni na fimbo yake, watoto wanaokaribia mia wanaitika "ba be bi bo bu" mpaka bati linatikisika. Mtoto wa dirishani aliimba yote bila kukosea huku akiniangalia mimi. Ubao hakuutazama hata mara moja. Wadogo zangu, nawapenda na najua mnavyochoka, lakini hili nimeliona miaka mingi mno, acheni niseme.

1. Kuitika siyo kusoma. Ruka mpangilio, anza na "bu", kisha "bi", uite mtoto mmoja mmoja. Watakaonyamaza ndio wa kuanza nao kesho.

2. Fundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015 ulilisema hili wazi, na bado nasikia "a, be, che, de" kila Januari. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, na aliyelipa gharama ni mtoto wa watu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, shule ya kijijini mkoani Shinyanga. Niliandika "baba" ubaoni, nikamwita binti mmoja wa safu ya tatu. Akagusa kila herufi kwa kidole, taratibu: "Be. A. Be. A." Nikamwambia aunganishe. Akasema, "Beabea." Darasa zima likacheka, nami nikamwambia akae. Kesho yake nikampa "dada", akasoma "deadea". Kufika katikati ya muhula nilikuwa nimemhamishia benchi la nyuma, pamoja na wale tuliowaita wazito.

Mama yake alikuja shuleni msimu wa kuvuna pamba, miguu ina vumbi mpaka magotini. "Mwalimu, mbona nyumbani anazitaja herufi zote, hata zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbolea?" Nikamjibu kwamba kutaja siyo kusoma, mtoto bado mdogo, akariri darasa. Akasema, "Haya, mwalimu," akaondoka. Binti akakariri.

Mwaka uliofuata nikapelekwa semina ya KKK. Mwezeshaji akatuambia tufunge midomo, tutoe sauti ya /b/ peke yake, fupi, bila irabu nyuma yake. Kisha tuibandike kwenye /a/. Watu wazima hamsini tukatoa "ba". Nikaweka kalamu chini. Yule mtoto hakuwahi kukosea. Nilimfundisha kwamba hii ni "be" na hii ni "a", naye akaziunganisha kama nilivyomwambia. Be na a ni bea. Alinitii kuliko wote darasani, nami nikampeleka nyuma.

Niliporudi nilimkalisha karibu na meza yangu. Wiki mbili hazikuisha, akawa anasoma "baba", "kaka", hadi "kabati". Nikamfuata mama yake shambani kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, mwaka ule ndio umepotea?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Ndiyo maana nakuwa mkali nikisikia "be, che, de" kupitia dirishani. Kiswahili kimetupa irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akishika sauti, anasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Tusimnyime urahisi huo.

3. Pima kwa maneno yasiyo na maana, kama "leku" au "nopi". Hapo hakuna wa kubahatisha.

4. Wapigishe makofi kwa silabi kabla hujashika chaki. "Mbuzi" ni makofi mawili, mbu-zi. "Mtoto" ni matatu, m-to-to. Mtoto asiyelisikia hilo kwa sikio atahangaika nalo kwenye daftari, hasa mkifika konsonanti mwambatano, zile zinazofuatana bila irabu katikati.

5. Mtoto wa Kisukuma akisoma "lula" pale ulipoandika "rula", muulize ameona kitu gani. Akikuonyesha rula, amesoma. Lafudhi ya nyumbani irekebishe kwa upole, wakati mwingine, na usimwandikie kosa la kusoma.

6. Andalio la somo ni lako kabla halijawa la mdhibiti ubora, yule anayekuja kukagua shule. Jina la mtoto aliyekwama leo liandike kwenye tathmini, badala ya ile sentensi yetu ya kila siku kwamba somo limeeleweka.

Mwalimu wa darasa la kwanza, kadi zangu za sauti ziko kabatini, rafu ya chini, kwenye boksi la chaki. Chukua zote. Ya "ng'" nimebaki nayo moja tu. Ukimaliza kufundisha "ng'ombe" mletee wa darasa la pili, wanaisubiri.