Bei ya getini si bei ya Kigoma

Tangu nilipogusia hapa habari ya watu kuungana na kuagiza bidhaa moja kwa moja kiwandani, maswali hayajakatika. Haya ni machache.

Tuko akina mama kumi na wanne mwaloni Kibirizi, tunaanika dagaa. Kiwanda kimoja Dar es Salaam kinauza wavu wa waya wa chanja kwa robo tatu ya bei ya madukani hapa. Tutume hela?

Dada zangu, msitume bado. Hiyo ni bei ya getini, yaani ya kuchukulia kiwandani, na mzigo una safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kabla haujafika Kibirizi. Kaeni na karatasi. Tuseme, kwa mfano tu, roli moja ya wavu (bunda lililoviringishwa, si lori) hapa ni shilingi 100,000 na kiwandani ni 75,000. Wekeni usafiri 9,000, kupakia na kushusha 2,000, halafu nauli na malazi ya mwenzenu anayekwenda kukagua, ikigawanywa kwa kila roli, 5,000. Roli imefika kwa 91,000. Faida ipo, ila ni elfu tisa, si elfu ishirini na tano.

Sasa ulizeni swali ambalo wengi hulisahau: hiyo 75,000 ina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake? Kama haina, asilimia 18 ni 13,500. Roli inawafikia kwa 104,500. Mmehangaika wiki tatu kununua ghali kuliko dukani! Nimeona vikundi vikivunjika kwa jambo hili hili, watu wakamshuku mweka hazina kuwa amekula, kumbe hesabu ilikosewa tangu mwanzo.

Kumi na wanne si hoja, hoja ni roli ngapi. Mkiagiza roli tatu, nauli ya mkaguzi inameza kila kitu. Mkiagiza arobaini, haionekani. Ongeeni na wenzenu wa mwalo wa Katonga, muagize pamoja.

Na michango ipangeni kwa mwezi wa angani, si wa kalenda. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba hela ya dagaa ipo wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala na mifuko inalala. Mkiweka siku ya mwisho ya kulipa katikati ya mbalamwezi, nusu ya kikundi itakopa kwa riba ili ilipe, na riba ile itakula punguzo lote. Kumbukeni pia mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Agizo kubwa lisiwakute na deni kipindi kama kile.

Mimi ni fundi wa Mwanga, hapa Kigoma. Wateja wangu sita wanaezeka mwaka huu na wananiomba niwaagizie bati geji 30 kwa pamoja. Niangalie nini?

Fundi, neno "geji 30" lisikutoshe. Unajua namba ikipanda bati linakuwa jembamba, lakini kila muuzaji ana geji 30 yake. Sisi majirani tuliagiza hivyo hivyo miaka ya nyuma, tukaandika rangi, urefu na geji, basi. Lori likashusha bati ambalo fundi alilibonyeza kwa kidole gumba likabonyea. Tulipopiga simu tukajibiwa kwamba hiyo ndiyo geji 30 yao, na kwenye karatasi hatukuwa na cha kuwabana. Iliniuma, maana mjane mmoja katika kundi letu alikuwa ameuza mbuzi.

Kwa hiyo profoma, ile ankara ya awali unayopewa kabla ya kulipa, ionyeshe unene kwa milimita, na upana unaofunika baada ya bati kulaliana, si upana wa bati likiwa peke yake. Omba kipande cha sampuli, kisainiwe, kisha ukitunze. Lipa sehemu, nyingine ilipwe mzigo ukishapimwa kabla ya kupakiwa. Faida kubwa kwako, kwa maoni yangu, hata haiko kwenye bei: kiwanda kinakukatia urefu unaotaka. Peleka vipimo vya kila paa, usibaki na vipande vya kutupa.

Mwaka 1976 tuliona maduka ya watu yakifungwa ili yafunguliwe ya ushirika. Tukaishia kupanga foleni ya sabuni. Mnaturudisha kule? (Mzee, Ujiji)

Shikamoo mzee wangu. Hofu yako ina haki. Hiyo Operesheni Maduka ya 1976 ilikuja kwa amri, na maduka yalifungwa kabla mbadala wake haujaweza kusimama. Hapa hakuna anayefungiwa duka. Watu wanaagiza kitu kimoja, kinafika, kinagawanywa siku hiyo hiyo mbele ya wote, hakuna ghala wala mwenye funguo. Asiyetaka anabaki na duka lake la kila siku.

Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 walianza na bidhaa chache za kila jikoni, unga, sukari na siagi, wakauza kwa fedha taslimu bila kukopesha, na ziada wakagawana kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Hilo la mwisho nalipenda sana. Chenji ikibaki baada ya kulipa lori, irudi kwa idadi ya roli au bati, si kwa vichwa.

Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anakusanya hela za taa za sola kwa nusu bei, namba ni yake binafsi. (Mwalimu, Kasulu)

Usitume, mwalimu. Hata kama ni mtu mzuri. Fedha za watu wengi haziingii kwenye simu ya mtu mmoja.

Ni lazima tusajiliwe?

Benki itawataka mwe na katiba, muhtasari wa kikao na barua ya utambulisho, hivyo anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Watia saini wawe watatu, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iwe kwa jina la kikundi. Mkianza kukopeshana pia, mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Mnatuua.

Ndugu yangu, sitaki ufe. Wewe ndiye unayemkopesha fundi misumari jioni, na kitasa kibovu unakibadilisha papo hapo. Kiwanda hakifanyi hivyo. Vitu vidogo vya kila siku sishauri kikundi kiviagize. Lakini lori la bati la fundi wa Mwanga huenda likaja na nafasi. Mtafute mchangie usafiri, ulete saruji yako.