Dohani ya jiko la kuni kwenye paa la makuti

Dada wa Wete, umeuliza kama dohani ya jiko lako la kuni inaweza kupita katikati ya makuti. Usithubutu! Makuti makavu, cheche moja tu inatosha kuyawasha. Ezua mita moja kila upande, weka bati, na tundu la bomba lizibwe kwa saruji, si kwa gunia. Bomba lizidi kilele cha paa, la sivyo kaskazi ikivuma moshi wote unarudi ndani. Kuni ziwe kavu kweli, matawi ya mkarafuu mazuri mno. Ukiona ncha inatoa povu, bado mbichi hizo, zitajaza masizi bombani, na masizi nayo huwaka. Halafu makaa yakiwa bado mekundu usifunge milango ukalala. Hewa yake inaua na haina harufu.