Uchovu na kichwa kizito wakati wa tiba ya testosteroni

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nina umri wa miaka 47. Mwaka jana niligunduliwa kuwa na upungufu wa homoni ya testosteroni baada ya kupimwa damu asubuhi mara mbili, na tangu hapo ninachomwa sindano ya miligramu 250 kila baada ya wiki tatu. Siku za mwanzo ninajisikia na nguvu nyingi, hata usingizi unapungua. Ikifika wiki ya tatu ninakuwa hoi: ninasahau neno nikiwa mbele ya wanafunzi, ninasoma aya moja mara kadhaa bila kuielewa, na jioni sina nguvu ya kufanya lolote. Mke wangu anasema siku hizi ninakoroma sana. Rafiki yangu ananishauri niombe kuongezewa dozi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole sana. Umefanya vizuri kueleza si uchovu peke yake bali pia siku ambazo uchovu huo hukujia, kwa kuwa hilo ndilo litakalomsaidia zaidi daktari wako. Ninakusihi usiombe kuongezewa dozi kabla haya yafuatayo hayajachunguzwa.

Ratiba uliyoitaja hutumika kwa sindano za muda mfupi, kama vile testosteroni enantheti. Dawa hiyo hupanda haraka katika damu na huweza kuvuka kiwango cha kawaida ndani ya siku chache, kisha nusu yake huondoka kila baada ya siku nne au tano hivi. Kufikia wiki ya tatu kinachobaki mwilini ni kidogo sana, na korodani haziwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu muda wote homoni ilipokuwa ikiingizwa kwa sindano ubongo uliacha kuziamuru zifanye kazi. Dozi kubwa zaidi kwa nafasi ileile ya wiki tatu itaongeza tu msukosuko wa siku za mwanzo, na mwishoni utashuka kama unavyoshuka sasa. Jambo la kuzungumza na daktari ni kupunguza kila sindano na kuzisogeza karibu. Mwongozo wa mwaka 2018 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, unataja miligramu 75 hadi 100 kila wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili. Ipo pia sindano ya muda mrefu, testosteroni undekanoeti ya miligramu 1000, ambayo baada ya dozi mbili za kwanza hutolewa kila baada ya wiki 10 hadi 14, lakini bei yake si ya kila mtu. Kabla ya kubadili chochote, daktari apime kiwango cha homoni katikati ya sindano mbili, na tena asubuhi ya siku ya sindano kabla hujachomwa. Kipimo kilichochukuliwa siku yoyote tu, bila kuandikwa ni siku ya ngapi baada ya sindano, hakimwongozi mtu.

Sasa nije kwenye hilo la kukoroma, ambalo umelitaja kwa sentensi moja lakini mimi linanishughulisha kuliko yote. Mwulize mke wako kama kuna nyakati unanyamaza ghafla usingizini, pumzi ikakatika, kisha ukashtuka kama mtu aliyekabwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala kwa muda wa saa nane na akaamka na kichwa kinachouma, akasinzia mchana na kusahau mambo, kwa sababu ubongo wake umekosa hewa ya kutosha usiku kucha. Testosteroni huweza kuizidisha hali hiyo, hasa kwa mwenye unene na shingo nene. Isitoshe, kukatika pumzi na testosteroni kwa pamoja huongeza chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito, nayo damu nzito huleta maumivu ya kichwa na uzito wa mwili, na huhofiwa kusababisha kuganda kwa damu. Kwa hiyo hematokriti, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu, inapaswa kupimwa kabla ya kuanza tiba, tena baada ya miezi mitatu hadi sita, halafu kila mwaka. Ikivuka asilimia 54, sindano husimamishwa hadi ishuke, na chanzo kitafutwe. Kama tangu uanze hujawahi kupimwa, omba kipimo hicho wiki hii.

Hata hivyo, si kila uchovu wa mwanamume unatoka kwenye homoni hii. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao matokeo yake yalianza kutolewa mwaka 2016, testosteroni iliboresha hamu ya tendo la ndoa, lakini haikuonyesha faida ya wazi katika kupunguza uchovu, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa haikuboresha kumbukumbu. Wewe ni mdogo kuliko wao, lakini ikiwa akili itabaki nzito hata baada ya kiwango cha homoni kutulia, apimwe mwalimu mzima: sukari, wingi wa damu, tezi ya thiroidi, na vitamini B12 hasa kama unatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu. Aulizwe pia kuhusu sonona, ambayo wanaume wengi huificha kwa kuiita uchovu.

SWALI: Daktari, mume wangu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa tezi ya pituitari, na sasa anachomwa testosteroni. Mambo ya ndoa yamerudi vizuri, lakini analala mchana kutwa, anapata kizunguzungu akisimama, hana hamu ya kula na amekonda. Tumeambiwa sindano zitamsaidia polepole. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada yangu, hapa nisingesubiri. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huamuru tezi nyingine kadhaa, na ikiharibika, upungufu wa testosteroni mara nyingi si upungufu pekee. Kizunguzungu cha kusimama, kukonda na kukosa hamu ya chakula vinanifanya nishuku upungufu wa kortisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili msukosuko na kushikilia shinikizo la damu, upungufu ambao hakuna sindano ya testosteroni inayoweza kuuponya. Apimwe kortisoli ya asubuhi mapema pamoja na sodiamu, na kwa upande wa thiroidi ipimwe homoni yenyewe ya T4 huru, si TSH peke yake, yaani homoni ya pituitari inayoiamuru thiroidi, kwa kuwa kwa mgonjwa wa pituitari TSH huweza kuonekana ya kawaida ilhali T4 imepungua. Zikipungua kortisoli na T4 zote mbili, haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kortisoli, hutangulia na dawa ya thiroidi hufuata, kwa maana kuanza na ya thiroidi kunaweza kumtumbukiza mgonjwa katika hali ya hatari.

Mpeleke kwa daktari wa homoni siku hizi hizi. Akianza kutapika, kuchanganyikiwa au kuzimia, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane, na jambo la kwanza la kuwaambia wahudumu ni kwamba aliwahi kufanyiwa upasuaji wa pituitari na huenda hana kortisoli.