Apdeti ikivuruga fomu zako, toa mkono kwenye kibodi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia usiku wa manane. Kasasisha programu ya hifadhidata, akafungua fomu yake, visanduku vya kuchagulia wateja vyote vitupu. "Majina yamefutika," anasema. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, mbele ya bosi, na yakaniponza.

Jedwali letu la oda kazini, yaani pale data zenyewe zinapokaa, halikuwa na jina la mteja hata moja. Lilitunza namba yake tu, tuseme 412, na fomu ndiyo iliyokwenda kwenye jedwali la wateja kulichukua jina na kulionyesha. Safu ya namba unaipa upana wa 0 isionekane, mtumiaji anaona jina na kudhani jina ndilo lililohifadhiwa. Hata mimi niliyeitengeneza nilikuwa nimeshasahau. Basi asubuhi ile, baada ya sasisho, majina hayakutokea, nami badala ya kufungua jedwali nikamwambia mwenzangu aanze kujaza upya kwa kumbukumbu. Kila alipochagua mteja, 412 iliyokuwa salama ilifutwa na namba nyingine kuandikwa juu yake. Kufika saa sita mchana tulikuwa tumeharibu oda 63 kwa mikono yetu wenyewe. Sasisho halikugusa hata moja.

Chanzo? Alama ya > kwenye mpangilio wa sehemu ya jina, ndani ya jedwali, ile inayoonyesha kila herufi kuwa kubwa. Toleo jipya halikuelewana nayo, likaonyesha weupe. Na aliyeiweka ni mimi, miaka miwili nyuma, kwa kupenda majina yaonekane ya heshima. Niliifuta, majina yakarudi pale pale. Kikaoni niliitwa fundi wa kubahatisha. Sijasahau, na aliyelisema hilo neno mpaka leo hajui hata kufungua jedwali.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuaminiwa na data za watu, sikiliza. Kinachoonekana na kilichohifadhiwa ni vitu viwili. Fomu ikibadilika sura, fungua jedwali kwanza, utazame kwa macho yako. Usijaze. Usisahihishe. Toa nakala ya faili, kisha ndiyo uanze kuchokonoa. Mipangilio ya sura iweke kwenye fomu, jedwali liache uchi. Na sasisho lijaribu kwenye kompyuta moja kabla ya kulisambaza kwa wote. Najua unaona uvivu, hata mimi niliona. Narudia: usijaze.

Kuna kesi mbaya zaidi, ambapo programu haiishii kwenye sura. Excel ukiiandikia MARCH1, jina la jeni, huigeuza kuwa tarehe, na hapo thamani yenyewe imekwenda. Wanasayansi walihangaika nayo mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Watu wazima, wasomi, wakasalimu amri mbele ya programu. Sisi wa fomu za oda ni nani tujifanye wajuaji?

Msomaji wangu kanijibu jana. Kafungua jedwali, namba zote zipo. Kumbe alikuwa ameshajaza oda nne kabla hajaniandikia.