Kundi langu limepata p ya 0.025, mbona msimamizi anakataa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa mwisho wa sayansi ya michezo hapa Kampala, nyumbani ni Koboko. Niliwagawa kwa kura wachezaji 24 wa voliboli wa shule ya sekondari. Kumi na wawili walifanya mazoezi ya kurukaruka kwa wiki 8, wengine 12 wakaendelea na mazoezi yao ya kawaida. Kundi la kwanza liliongeza sentimita 2.4 katika kuruka juu (mchepuko sanifu, yaani kiasi wachezaji wanavyotofautiana na wastani, 3.2; p = 0.025). La pili liliongeza 1.6 (mchepuko sanifu 3.3, p = 0.12). Nikaandika kwamba mazoezi yamefanya kazi, msimamizi akaifuta sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Kuna jamaa kwenye duka la kuchapa kazi anasema tukiwaondoa vijana wawili “wanaoharibu” mambo yatanyooka, kwa shilingi 250,000. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi, na hizo laki mbili na nusu zisitoke mfukoni mwako.

Kosa ulilofanya ndilo ninalolikuta kwenye tasnifu kuliko jingine lolote, na hata majarida makubwa hayajapona. Umelipima kila kundi peke yake, kabla na baada, kisha ukalinganisha hukumu mbili. Ile p ni uwezekano wa kupata badiliko kubwa kama hilo au zaidi kwa bahati tu, endapo hakuna athari yoyote, na kwa desturi ikiwa chini ya 0.05 watu husema matokeo yana maana. Nawe ukasema: hili limeshuka chini ya mstari wa 0.05, lile halikushuka, basi la kwanza limeshinda. Lakini utafiti wako haukuuliza kama vijana wa kundi la kwanza waliongezeka. Uliuliza kama waliongezeka kuliko wenzao. Hesabu ya swali hilo ni moja tu, nawe hukuifanya.

Tuifanye basi. Tofauti ya maongezeko ni sentimita 0.8. Kosa sanifu la kila wastani, yaani kiasi wastani huo unavyoweza kuyumba kwa bahati, ni mchepuko sanifu ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 12, nalo ni 0.92 kwa kundi la kwanza na 0.95 kwa la pili. Ukiyaunganisha (kila moja ulizidishe kwa lenyewe, ujumlishe, kisha utafute kipeuo cha pili) unapata takriban 1.33. Gawa 0.8 kwa 1.33, unabaki na 0.6. Kwa digrii za uhuru 22 (wachezaji 24 ukitoa makundi mawili) ungehitaji kufika karibu 2.07 ili p ishuke chini ya 0.05, kwa hiyo p yako halisi ni takriban 0.55. Masafa ya asilimia 95, yaani thamani za tofauti zinazopatana na data yako, yanaanzia hasi 1.95 na kuishia 3.55. Yaani data yako inapatana na mazoezi yanayoongeza sentimita tatu na nusu, na inapatana vilevile na mazoezi yanayopunguza karibu mbili. Hujathibitisha kwamba yanafaa, wala hujathibitisha kwamba hayafai. Andika hivyo hivyo kwenye sura ya nne, ile ya matokeo, pamoja na hayo masafa. Ukiweza, tumia uchanganuzi wa kovariansi, yaani ulinganishe makundi huku ukiingiza kipimo cha mwanzo cha kila kijana kwenye hesabu, maana mara nyingi masafa hupungua.

Sasa tazama hizo sentimita 1.6 za kundi la pili. Hakuna aliyewapa zoezi jipya, mbona wakaongezeka? Vijana wa umri huo bado wanakua. Mara ya pili wameshazoea kipimo. Wanajua wanaangaliwa, wanajitutumua. Hayo yote yamo pia ndani ya zile 2.4 unazojivunia. Ulisafiri hadi shuleni, ukapiga kura, ukawapima vijana wote, halafu ilipofika hesabu ukawaacha 12 wamekaa benchi! Wanatakwimu Bland na Altman waliandika onyo kuhusu jambo hili hasa mwaka 2011, na bado kila msimu wa kuwasilisha tasnifu ninalisahihisha.

Tatizo lako la pili ni idadi. Ili kuinasa tofauti ya nusu ya mchepuko sanifu, ambayo kwako ni kama sentimita 1.6, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona kama kweli ipo), unahitaji watu wapatao 64 katika kila kundi. Hesabu hii hufanywa kabla ya kushika futi ya kupimia.

Nije kwa huyo jamaa wa dukani. Kumwondoa kijana kwa sababu alama zake zimeshuka ni kughushi, na jina litakaloandikwa kwenye jalada ni lako. Mtu huondolewa kwa sababu iliyopangwa kabla ya matokeo kuonekana, au iliyoandikwa siku ile ile ya kipimo, kama vile kuteguka kifundo cha mguu, na msomaji huambiwa. Hawa wanaofungua SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu, na kubofya mpaka namba ishuke chini ya 0.05 hawajui hata swali lako ni lipi. Mtahini akikuuliza kwa nini wamebaki 22, utajibu nini?

Na huo mstari wa 0.05 haukushuka kutoka mbinguni. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliupendekeza mwaka 1925 kama kipimo chepesi kutumia. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitamka wazi kwamba p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wake. Fani yetu yenyewe ilijaribu njia ya mkato: mwaka 2006 watafiti Batterham na Hopkins walipendekeza mbinu ya kuhukumu kwa ukubwa wa athari (kwa Kiingereza magnitude-based inference), iliyowafurahisha watafiti wengi wa michezo wenye sampuli ndogo. Welsh na Knight mwaka 2015, kisha mwanatakwimu Kristin Sainani mwaka 2018, wakaonyesha kwamba mbinu hiyo inaongeza hatari ya kutangaza athari isiyokuwepo.

Hasara yake haiishii chuoni. Mzazi analipia programu ya mazoezi kwa sababu ameonyeshwa namba za kabla na baada, bila kundi la kulinganisha. Jina la Joshua Cheptegei linatajwa, yule mkimbiaji wetu wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, aliyekimbia mita 5,000 kwa 12:35.36 mwaka 2020, kana kwamba mbio zake zinathibitisha programu ya kocha yeyote wa milimani. Wamekimbia wengi kwenye miteremko ile ile, na majina yao hatuyajui. Ukiambiwa programu fulani imetoa bingwa, omba daftari la wote walioianza siku ya kwanza, pamoja na walioumia na walioacha.